Boda tunazuiwa kwenye dirisha la magari usiku hata tukiwa na abiria, hivi hii ni sawa kweli?

Boda wa Tandika

Wakuu salaam. Naomba nilete hili hapa maana toka Alhamisi limenikaa rohoni, na kijiweni tumelibishania mpaka watu wakaanza kununiana.

Mimi ni bodaboda, huu mwaka wa sita naendesha Boxer, mchana napeleka mizigo ya watu usiku nabeba abiria wangu wa kudumu. Mmoja wao ni dada nesi, akitoka zamu ya jioni namchukua saa nne na kitu usiku namrudisha kwake Mbagala. Alhamisi alitoka amechoka hata kuongea hawezi, akaniambia kaka leo sijatia kitu tumboni toka chai ya asubuhi, nipitishe mahali ninunue chochote maana nyumbani watoto wameshalala na sufuria zimeshaoshwa. Nikajua pa kumpeleka. Kuna mgahawa wa kuku na baga upo ndani ya sheli moja barabarani hapo, jina siliweki, ndani wanafunga saa nne lakini lile dirisha la kununulia ukiwa kwenye gari, draivu thruu, linaendelea mpaka saa saba usiku.

Tukafika. Mbele kuna IST, nyuma yake bajaji, nami nikajipanga nyuma ya bajaji bila haraka. IST ikapita, bajaji ikapita, mimi mlinzi akaninyooshea kirungu, "boda geuza, hapa magari tu". Nikamuuliza bosi na ile bajaji je? Akasema bajaji ina matairi matatu. Sio mtu mbaya, ilionekana kabisa anatimiza alichoagizwa. Basi dada akashuka, akavua helmeti akanishikisha, akaenda kwa miguu mpaka dirishani. Binti wa pale akamwambia kwa upole dada samahani, mtu wa miguu haturuhusiwi kumhudumia hapa, magari yanapita ni hatari. Akarudi. Yaani mtu ana hela mkononi, chakula kinanukia hatua kumi tu kutoka aliposimama, ndani kumefungwa, kwa pikipiki haruhusiwi na kwa miguu haruhusiwi.

Nyuma yetu kulikua na Noah. Kioo kikashuka, baba mmoja mtu mzima akasema binti unataka nini nikuchukulie. Dada akampa elfu kumi na tano, hamjui hakujui. Tukasimama pembeni ya geti chini ya taa mbu wanatumaliza, mpaka Noah ikatokea upande wa pili ikasimama, mkono ukatoka na mfuko na chenji imehesabiwa mpaka jero. Mzee hakusubiri hata shukrani. Dada alianza kula chipsi palepale amesimama, na sare yake ya kazi.

Sasa ninachouliza, hii ni sheria ya nchi au ni utaratibu wa mwenye mgahawa? Pikipiki yangu ina namba ya MC, ina bima, nina leseni daraja A, leseni ya usafirishaji ya LATRA ninayo, njiani trafiki ananikamata kama anavyomkamata mwenye lori. Iweje nikifika kwenye chipsi nionekane sio chombo cha moto? Na msiniambie paki ushuke, ndani kumefungwa, na hata mchana kukiwa wazi nikiacha pikipiki na mizigo ya watu juu dakika tano sitaikuta. Mwenzetu wa kijiweni aliibiwa yake anachukua soda tu, mpaka leo analipa hesabu ya chombo ambacho hakipo.

Naomba hoja, matusi tuyaache.

MamaZai

Pole mwanangu, na huyo dada umfikishie pole zangu. Nina mabinti wawili wanarudi usiku na boda, kila mmoja ana kijana wake tunayemjua na namba yake ninayo kwenye simu. Nikisoma kwamba mtoto wa kike saa nne usiku ameambiwa ashuke kwenye chombo alichokuja nacho atembee peke yake kwenye njia ya magari halafu arudishwe mikono mitupu nasikia moyo unauma. Na yule mzee wa Noah Mungu ambariki, ila kesho kama sio mzee wa Noah ni mtu mwingine mwenye nia nyingine, binti ameshamkabidhi hela na anamsubiri gizani.

Nilikaa Dirishani

Naomba na mimi niseme maana nimefanya kazi kwenye dirisha la namna hiyo miaka miwili, sio hapo unapoongelea ni kwingine, nimeacha sasa.

Kwanza nikujibu la sheria, kwetu haikua sheria ya nchi, ilikua imeandikwa kwenye kitabu cha taratibu za kampuni na tulisainishwa siku ya kwanza. Lakini usidhani waliandika kwa kudharau boda. Pale kwenye kisanduku cha kuagizia chini kuna kifaa kinachohisi gari. Gari likisimama, sisi ndani kwenye hedifoni tunasikia mlio na hapohapo saa inaanza kuhesabu, inahesabu mpaka gari litakapoondoka dirishani. Ile saa ndio ugali wetu, jioni meneja anasoma wastani na kama mmechelewa mnasimamishwa mstari mnasemwa. Boda akija kifaa hakimuoni. Hakuna mlio. Anaita haloo haloo kule nje peke yake na mimi huku nakunja maboksi sijui kama kuna mtu. Akichoka anakuja moja kwa moja dirishani hana oda, na nyuma yake kuna gari lenye oda, sasa kwenye skrini oda zimepangwa kwa foleni, wa kwanza wa pili wa tatu, akijichomeka mmoja ambae skrini haimjui mifuko yote inapishana. Mimi nilishampa mtu mfuko wa birthday ya mtoto wa mtu mwingine, akaondoka nao, ikakatwa kwenye mshahara wangu.

La pili, dirisha letu liko kulia kwa sababu dereva anakaa kulia. Boda anakaa katikati ya chombo chake, inabidi aje karibu sana na ukuta, mkono wa kulia ndio uliokua unashika breki ya mbele na ndio huohuo anaunyoosha kwangu, na stendi ya pembeni iko kushoto, kwahiyo akitaka kuegesha pikipiki inalalia upande wa pili mbali na dirisha. Hapo kwetu njia ilikua na mteremko kidogo. Alikuja kaka mmoja usiku, tulimuonea huruma tukamuuzia kimyakimya, aliagiza kahawa. Nilimpa kikombe nikaona vidole vyake vinateleza kwenye kifuniko, amevaa glovu, akataka kukidaka pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Kahawa yote mapajani. Gari la nyuma lilisimama karibu sana, taa zake zilikua zinaniwaka machoni. Hakuumia zaidi ya kuungua lakini mimi wiki nzima nilikua nikifumba macho naona vile vidole. Kwahiyo ukiniuliza kama boda wahudumiwe nasema ndio, ila sio kwa njia ile ilivyo.

Boda wa Tandika

Dada nashukuru, hayo ya saa na skrini sikuyajua kabisa na yule kaka nampa pole. Ila naomba unijibu mawili. Bajaji haina mlango wala kioo wala mkanda, akimwagikiwa kahawa anaungua vilevile, mbona inapita? Na la pili, mimi nikiwa na abiria yeye mikono yake yote iko huru. Mimi nakaa na breki zangu, abiria ndio anaongea, analipa, anapokea. Nikiwa mwenyewe sinywi kahawa juu ya pikipiki, naning'iniza mfuko kwenye ndoano naenda zangu. Vinywaji vya moto wavizuie, hapo sina ugomvi.

Nilikaa Dirishani

Bajaji inasimama yenyewe, na kifaa kinaiona. Hilo la abiria kusema kweli hatukuwahi kulifikiria, kitabu kiliandika pikipiki basi.

Fundi Sakiti

Hapo kwenye kifaa niachieni, nafunga mageti ya kujifungua na vizuizi vya paking, kifaa ni kilekile.

Mkifika kwenye kisanduku cha kuagizia angalieni chini. Mtaona mstari umechanwa kwenye zege na umejazwa kitu cheusi kama lami, umetengeneza pembe nne kama mlango uliolazwa. Ndani ya mstari kuna waya umezungushwa raundi kadhaa unapita umeme mdogo. Bati au chuma ikikaa juu yake ule umeme unabadilika na kile kiboksi cha ndani kinajua kuna gari. Sio uzito! Watu wengi wanadhani ni uzito, hata ukipakia gunia tatu za mchele haitasaidia. Gari lina bati pana chini linafunika mlango wote. Bajaji nayo ina bodi pana. Pikipiki ina rimu mbili nyembamba na injini imekaa juu, ukisimama katikati ya ile pembe nne, kama kila mtu anavyofanya maana ndio panaonekana pa kusimama, kiboksi kinaona pako wazi.

Kwahiyo usisimame katikati. Peleka tairi zote mbili juu ya ule mstari wenyewe, wa pembeni unaoenda na urefu wa njia, simama hapohapo waya uwe chini ya rimu. Rimu ya chuma au ya aloi zote zinahisiwa. Mara nyingi itakubali. Na kuna watu wanauza sumaku za kubandika chini ya injini wanasema zinafungua mageti, usitoe hela yako, waya ule hautafuti sumaku.

Kwa upande wa mwenye mgahawa ni kazi ndogo zaidi. Kiboksi kina swichi za kupandisha hisia, anapandisha ngazi moja anajaribu na pikipiki, asizidishe tu maana kitaanza kushika na gari linalopita njia ya pili. Siku akichimba zege upya amwambie fundi azungushe waya kwa umbo la namba nane badala ya mlango mmoja. Umbo hilo linashika hata baiskeli, ndio linalotumika kwenye baadhi ya taa za barabarani ili baiskeli nayo ionekane ipewe kijani. Mimi sijawahi kuombwa na mteja hata mmoja hapa mjini na nimefunga mengi.

Vitz Nyeupe

Mimi ni mwenye gari na naomba mnisikilize bila kunirukia. Ile njia ya dirishani ina kuta pande zote mbili, ukishaingia huna pa kukwepea. Mwezi wa pili nimekaa kwenye foleni na watoto nyuma, boda akapita kati ya gari langu na ukuta akavunja kioo cha pembeni akaendelea kama hakuna kilichotokea. Nilikaa na kioo kinaning'inia kwa waya mpaka nilipotoka. Kioo cha Vitz cha used nilinunua Gerezani na fundi juu. Hakuna aliyenilipa. Kwahiyo mnaposema boda waruhusiwe mtuambie na nani atawazuia kuchomekea, maana kila foleni ya nchi hii, ya mafuta, ya kivuko, ya taa, nyinyi mnapita pembeni mnaenda kukaa mbele. Kama boda atakaa nyuma yangu kama gari na mimi nikakaa nyuma yake kama gari, sina neno kabisa. Hata awe na oda ya watu kumi nitasubiri.

Nduthi ya Nairobi

Niaje wadau wa TZ. Hapa Nairobi niko kwa delivari mwaka wa tatu na vile huyu wa Vitz amesema ni ukweli, shida kubwa ni sisi wenyewe.

Mahali mimi huchukua oda nyingi walikuwa wametukataza kabisa, soja anatufukuza kama kuku. Tukakaa chini wanaume kama kumi na tano tukaenda kuongea na meneja, si kwa kelele, tulienda asubuhi wakati hakuna watu. Tukakubaliana hivi, nduthi inakaa kwa laini kama gari, inachukua nafasi yote ya gari, hakuna kupita katikati. Ukifika kwa dirisha unazima injini, maana ule moshi unaingia wote kwa jikoni na msichana wa dirisha ndio anaupumua usiku mzima, hiyo sikuwa nimewahi kufikiria mpaka aliniambia. Helmeti unaitoa ama unafungua kioo ndio kamera ione uso wako, kwa sababu waliwahi kuibiwa na mtu wa helmeti na huwezi wakasirikia kwa hiyo. Soda na chai hakuna kubeba kwa mkono, inaingia kwa boksi. Mwenye anavunja hayo anarudishwa nyuma ya laini, na si soja anamrudisha, ni sisi. Mmoja alirudishwa mara mbili sahi yeye ndio anarudisha wengine.

Kitu meneja alisema ilinishika ni hii, usiku baada ya saa nne akiangalia hesabu zake karibu nusu ya chakula inaenda na nduthi, kwa hiyo tulikuwa tunafukuzwa na pesa yake tukiwa nayo mfukoni. Huku kwetu tangu 2008 serikali itoe VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc zimejaa kila steji, na hizo njia za dirisha bado zinachorwa kama mteja ni mwenye gari peke yake.

Mswahili wa Maskati

Asalaam alaykum. Mie niko huku Oman mwaka wa kumi na moja, nimezaliwa Ng'ambo Unguja. Nasoma habari za waya na zege nasema jamani kuna njia nyepesi kuliko zote hizo. Huku watu hawashuki kwenye gari kwa ajili ya chai. Maduka ya karak, yaani chai nzito ya maziwa, yapo kila mtaa, hayana njia ya kuzunguka wala kisanduku cha kusema nacho. Wasimama nje ya duka, wapiga honi kidogo au wawasha taa, kijana atoka na karatasi, aandika, arudi na trei. Mwenye Land Cruiser atolewa hapo, na kijana wa delivari na pikipiki yake asimama hapohapo atolewa vilevile, hakuna anayeulizwa umekuja na matairi mangapi. Yule mlinzi wenu aliyekuwa amenyoosha kirungu ni mtu ana miguu na yuko zamu, apewe kitabu cha risiti na trei, amwambie boda egesha pale chini ya taa nakuletea. Kazi kwishney.

Na hawa vijana wa pikipiki huku wameanza kuonekana kama watu. Dubai mamlaka yao ya barabara wamejenga vituo 40 vya kupumzikia madereva wa delivari, vina kiyoyozi na maji, kwa sababu jua la hapa la mchana si la kumwacha mtu juu ya chombo.

Babu wa Maktaba

Wajukuu, mmenikumbusha jambo. Kule Marekani watu walishaanza kuuza kwa dirisha la magari zamani, mgahawa wa baga wa In-N-Out wa California ulikuwa na spika ya kuagizia toka 1948. Lakini McDonald's wao walichelewa, dirisha lao la kwanza lilifunguliwa 1975 katika mji wa Sierra Vista, Arizona. Na hawakulifungua kwa ajili ya watu wavivu wa kushuka. Jirani na hapo kuna kambi ya jeshi ya Fort Huachuca, na wanajeshi walikuwa hawaruhusiwi kushuka kwenye gari nje ya kambi wakiwa na magwanda ya kazi. Wana njaa, wana hela, mgahawa wanauona, kushuka hawawezi. Mwenye mgahawa akatoboa ukuta akawawekea dirisha.

Sasa msome tena habari ya yule nesi na sare yake halafu mniambie tofauti iko wapi. Dirisha lilitobolewa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuacha chombo chake. Mwenye gari hapa mjini anaweza kufunga milango akashuka, gari atalikuta. Asiyeweza kuacha chombo ni bodaboda, mwenye mizigo ya watu juu na hesabu ya bosi kesho asubuhi.

Na wapo waliolijua hilo mapema. Vietnam, McDonald's walipofungua mgahawa wao wa kwanza mwezi Februari 2014 pale Ho Chi Minh, mji ambao pikipiki ndio usafiri wa kila familia, waliweka dirisha na pikipiki zikawa zinapita. Kampuni ileile, kuku wale wale.

Vitz Nyeupe

Mzee hapo kwenye kuacha chombo umenishika. Mimi kweli huwa siendi dirishani kwa sababu siwezi kushuka, naenda kwa sababu watoto wamelala nyuma. Na masharti ya yule wa Nairobi nayakubali yote. Mkiyaweka na huku nitakaa nyuma ya boda bila shida.

Nilikaa Dirishani

Hilo la kuzima injini naomba mlipigie mstari. Nilikua natoka kazini saa nane usiku nikipenga kamasi inatoka nyeusi.

MamaZai

Na mimi hilo la kijana na trei ndio limenikaa. Halina gharama. Mwanangu ukienda kuongea nao anza na hilo.

Boda wa Tandika

Wakuu, mrejesho.

Nilienda juzi Jumamosi saa tisa alasiri kama alivyoshauri ndugu wa Nairobi, wakati hakuna foleni, nimevaa shati. Nikamwambia mlinzi wa mchana naomba kuonana na msimamizi, akatoka dada mmoja na kile kikofia cha nywele cha jikoni. Nilimweleza yote kuanzia nesi mpaka Noah. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema utaratibu unatoka makao makuu yeye hawezi kuufuta, lakini la Alhamisi halikumpendeza na hakuwa zamu. Nikamuomba kitu kimoja, kwa kuwa njia iko tupu aniruhusu nijaribu alichosema Fundi Sakiti. Akakubali, akaja kusimama karibu na kisanduku na mlinzi akaja.

Mstari upo, mweusi, umepasuka kidogo kwenye kona, miaka yote napita pale kujaza mafuta sijawahi kuuona. Kwanza nikasimama katikati makusudi. Kimya. Tukasubiri mpaka mlinzi akasema si unaona. Nikarudi nyuma, nikaweka tairi ya mbele juu ya mstari wa kulia, nikasogea polepole mpaka ya nyuma nayo ikawa juu, nikasimama. Haikuchukua hata pumzi mbili, sauti ya binti ikatoka kwenye kisanduku, "Karibu, naomba oda yako tafadhali." Yule msimamizi alimwangalia mlinzi, mlinzi akaangalia chini ya tairi yangu.

Niliagiza kuku vipande viwili na chipsi. Dirishani nikazima injini nikaweka fri, mguu wa kushoto chini wa kulia kwenye breki, nikafungua kioo cha helmeti, nikatoa hela nimeshaihesabu. Binti akanipa mfuko kwa mikono miwili, nikauning'iniza kwenye ndoano. Hakuna kilichomwagika.

Msimamizi akaniambia andika barua, uweke na masharti mliyokubali nyie wenyewe, kukaa kwenye foleni, kuzima injini, uso kuonekana, vinywaji vya moto hapana, na yeye ataweka maelezo yake aipeleke juu. Nikamwambia na ile ya trei ya Maskati kwa wakati huu tunaosubiri majibu, boda egesha chini ya taa uletewe. Hapo hakujibu haraka. Alimuuliza mlinzi kama taa ya pale getini inawaka usiku kucha, mlinzi akasema inawaka, akasema basi ngoja niongee na wa zamu ya usiku.

Barua tumeiandika jana kijiweni, wamesaini watu ishirini na tatu, wawili wamepiga dole gumba. Naipeleka kesho asubuhi. Na kesho dada nesi yuko zamu ya jioni tena, saa nne na kitu nitakua nae.